Furu 40 kwenye mfarishi mmoja: kushona viraka juu ya karatasi

Chini ya cherehani ya karibu kila fundi hapa Mwanza pana kiroba. Ndani yake mna mabaki ya vitenge: pembe zilizosalia baada ya kukata kola, vipande vya mikono ya puto, mkanda wa gauni ambalo mteja alibadili mawazo. Ni vidogo mno kwa nguo, na ni vizuri mno kutupa. Mimi nilikuwa navitumia kupangusia mafuta ya mashine na kujazia mito, mpaka nilipojifunza kushona viraka juu ya karatasi. Sasa kiroba hicho hakiguswi na mtu.

Tunachoshona hapa ni mfarishi: uso wa viraka juu, kitu chepesi cha kutia joto katikati, mgongo chini, na mishono inayoshika vyote vitatu. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai miguu inataka kufunikwa, lakini blanketi zito utalitupa kando kabla ya alfajiri. Mfarishi mwepesi unakaa katikati ya hayo mawili.

Mbinu yenyewe ni hii. Unachora umbo kwenye karatasi, unaipa kila sehemu namba, kisha unashona vitambaa moja kwa moja juu ya karatasi kwa kufuata mistari na namba. Kazi ikiisha unaibandua karatasi. Usahihi wote unabebwa na ule mchoro, kwa hiyo ukiweza kufuata mstari wa penseli kwa cherehani utapata ncha kali kama wembe, hata kama kitambaa kinateleza na mashine yako ya miguu inayumba kidogo. Ubaya wake ni mmoja: unashona ukiwa umeipa kazi mgongo, na kichwa lazima kizoee kufikiri kinyumenyume. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa sana.

Mbinu si mpya. Karne ya 19 huko Marekani walishona hivi viraka vya mtindo wa kibanda cha magogo, vipande virefu vikizunguka mraba mdogo wa katikati. Badala ya karatasi walitumia kitambaa chepesi, nacho kilibaki humo humo. Kitambaa kinachofaa kazi hiyo hapa kwetu ni marekani nyembamba, na jina hilo halikuja bure: wafanyabiashara wa Massachusetts, jimbo la Marekani, walikuwa wakileta pamba isiyopaushwa Unguja karne hiyo hiyo, watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Ukitaka, shonea juu ya marekani na hutakuwa na cha kubandua. Mimi napenda karatasi kwa sababu mfarishi unakuwa mwepesi, na karatasi napata bure kwenye madaftari ya watoto yaliyoisha mwaka.

Umbo nililochagua ni samaki, na samaki mwenyewe ni furu. Sato ana rangi moja ya kijivu, sangara hali kadhalika, lakini furu wa ziwa hili walikuwa mamia ya aina, wekundu, wa njano, wa buluu, kabla sangara hajawapunguza. Samaki wa kila rangi ndiye anayefaa kwa kiroba cha mabaki. Hakuna atakayekuuliza kwa nini huyu ana maua na yule ana miraba.

Vitu vya kutafuta

Mfarishi wetu utakuwa na upana wa sentimita 100 na urefu wa 125, wa mtoto au wa kufunika miguu ukiwa kwenye kochi. Una samaki 40, watano kwa kila mstari, mistari minane. Kila samaki ana urefu wa sentimita 20 na kimo cha 10, na kati ya mistari pana utepe wa maji wa sentimita 5.

Kwa ajili ya maji nunua mita 3 za pamba ya rangi moja yenye upana wa sentimita 115 hivi. Buluu iliyoiva inapendeza kuliko ile ya anga, na haionyeshi uchafu. Mita hizo zinatosha mandhari, tepe na kingo, na kinabaki kipande cha kufidia utakapokosea, maana utakosea. Kwa mgongo tumia kanga moja. Nyingi zina sentimita 110 kwa 150 hivi, kwa hiyo inatosha bila kuungwa, na jina lake utalisoma ukigeuza mfarishi. Chagua jina unaloweza kulala nalo. Katikati weka shuka kuukuu la pamba au blanketi jembamba la mtumba.

Fua kila kitu kwanza. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani inayokidanganya mkono, na kinaweza kusinyaa. Kitambaa chekundu au cheusi kiendelee kusuuzwa mpaka maji yatoke safi, la sivyo kitakuja kulia rangi juu ya jirani yake. Kisha kianike. Wenye bahati ya kuwa na jiwe kubwa nyuma ya nyumba, na Mwanza ni wengi, watandaze hapo; jiwe likishapata jua linakausha pande zote mbili kwa mara moja.

Sindano iwe namba 14, mpya. Mkasi tumia ule wa zamani, kwa sababu utakata karatasi pamoja na kitambaa na makali yatakwisha. Rula, penseli, pini na pasi unavyo tayari.

Kuchora samaki

Samaki anachorwa kwa sehemu mbili, mwili na mkia.

Mwili: chora mstatili wa sentimita 14 kwa 10. Weka alama katikati ya kila upande, yaani kwenye 7 juu na chini, na kwenye 5 kushoto na kulia. Unganisha alama hizo nne upate umbo la almasi. Sasa, ndani ya almasi tu, chora mistari miwili ya wima: wa kwanza sentimita 4 kutoka ncha ya kushoto, wa pili sentimita 5. Utepe mwembamba kati ya mistari hiyo ni shavu la samaki, uandike namba 1. Kichwa ni namba 2, mwili uliobaki ni 3. Pembe nne za maji ni 4, 5, 6 na 7.

Mkia: chora mstatili wenye upana wa sentimita 6 na kimo cha 10. Kutoka katikati ya upande wa kushoto piga mistari miwili kwenda pembe za juu na chini za upande wa kulia. Pembetatu ya katikati ni mkia, namba 1. Pembe mbili za maji ni 2 na 3.

Kuzunguka kila mstatili, kwa nje, chora mstari wa nukta wenye umbali wa milimita 6. Huo ndio mshono wa kuungia. Ukiusahau, utakuja kukata ncha za samaki wako wote siku ya kuwaunganisha.

Namba hazikuwekwa kwa kubahatisha. Kila namba inafunika kingo za zile zilizoitangulia: shavu, kichwa na mwili vinaungwa kwanza kama mkanda mmoja, ndipo pembe za maji zinapokuja kukata juu yake na kuuchonga mkanda ule kuwa almasi. Ukianza na pembe, hakuna njia ya kuingiza kichwa.

Tena: samaki atakayetokea ataangalia upande wa pili wa ule uliouchora, kwa sababu kitambaa kinakaa nyuma ya karatasi. Kwa samaki si neno. Kwa herufi ni aibu. Nilimshonea mpwa wangu mto wenye herufi ya kwanza ya jina lake, N, na nikaushangilia mpaka nilipoubandua karatasi. Mistari ilinyooka, ncha zilikaa, na N ilikuwa imegeuka kama herufi И ya Kirusi. Mto upo mpaka leo, ameugeuzia ukutani.

Nakala 40 bila umeme

Unaweza kwenda steshenari ukatoa kopi, ila zote zitolewe kutoka mchoro ule ule wa kwanza, kwenye mashine moja, kwa ukubwa ule ule. Kopi ya kopi hubadilika vipimo. Na wino wa kopi ukipigwa pasi ya moto unaweza kuhamia kwenye kitambaa chepesi.

Njia yangu ni nyingine. Chukua mchoro mmoja, uweke juu ya karatasi nane tupu, bana kwa pini ili visisogee. Toa uzi kwenye sindano na bobini. Kisha shona mistari yote, pamoja na ile ya nukta. Matundu ya sindano ndiyo mistari yako, na karatasi itachanika kirahisi baadaye. Rudia mara tano na una 40. Andika namba kwa penseli kwenye kila nakala, upande ule ule wa mchoro. Ukiandika upande wa pili, yule samaki ataogelea kinyume na wenzake, jambo ambalo unaweza kulifanya kwa makusudi.

Karatasi ya daftari ni nzuri. Ya kalenda inayong'aa ni ngumu. Gazeti linachanika vizuri lakini wino wake utaacha alama kwenye maji yako ya buluu, na zaidi kwenye samaki mweupe.

Kukata kwa ukarimu

Uzuri wa karatasi ni kwamba vipande havihitaji umbo kamili, vinahitaji kutosha. Kwa kila samaki kata hivi, kwa sentimita: shavu 3 kwa 10, kichwa 6 kwa 9, mwili 11 kwa 12, mkia 8 kwa 12. Pembe za maji, zote sita, ni mistatili ya 12 kwa 7. Kwa samaki 40 hiyo ni mistatili 240, na kwenye kitambaa cha sentimita 115 inapanga tisa kwa upana, kwa hiyo inakula kama mita 1 na sentimita 90. Kata kwanza tepe tisa za maji za sentimita 6.2 kwa 101.2 pamoja na tepe tano za kingo za sentimita 6, ziweke kando, ndipo uanze mistatili.

Usijaribu kubana pembe za maji ziwe pembetatu tangu mwanzo ili kuokoa kitambaa. Pembetatu ikikaa vibaya kidogo tu, pembe ya nje inabaki wazi, na utafumua.

Kushona, yaani kufikiri kinyume

Punguza urefu wa mshono uwe milimita 1.5, kwenye mashine za zamani ni kama mishono 17 kwa inchi. Ijaribu kwenye karatasi tupu. Ikiwa karatasi inaachana yenyewe, umebana mno. Ikiwa inagoma kuchanika, umelegeza mno.

Chukua karatasi ya mwili. Igeuze upande mtupu ukutazame, ishike kwenye mwanga wa dirisha, na uweke kitambaa cha shavu juu ya eneo la namba 1, uso wake ukikutazama. Kipite mistari kwa milimita 6 kila upande. Bana kwa pini moja.

Sasa kichwa. Mwanafunzi karibu kila mmoja hukiweka kichwa pale kinapotakiwa kuonekana, juu ya namba 2, halafu anashangaa kukigeuza na kukuta kimeenda kusikojulikana. Kiweke uso kwa uso na shavu, kikilalia upande wa shavu na mwili, na ukingo wake tu ndio uvuke mstari wa kati ya 1 na 2 kwa milimita 6. Kitambaa kinalala upande usio wake, kinashonwa, kisha kinafunguliwa kama ukurasa wa kitabu na kuangukia kwake. Usiamini macho: choma pini kwenye mstari, fungua kipande, shika kwenye mwanga. Je, kimefunika namba 2 yote na milimita 6 za ziada? Kama ndiyo, kirudishe na ushone.

Geuza karatasi, mchoro ukutazame juu, vitambaa chini. Shona juu ya mstari. Anza mishono mitatu kabla na uishie mishono mitatu baada. Hakuna haja ya kurudi nyuma kukaza, kwa kuwa mshono unaofuata utapita juu na kufunga. Wenye mashine za miguu zisizorudi nyuma wafurahi.

Kunja karatasi kuelekea nyuma kwenye mstari huo huo, ukitumia ukingo wa kadi ngumu, na upunguze vitambaa vibaki milimita 6. Fungua kichwa na ukikandamize. Kucha inatosha kwa mishono ya katikati. Pasi tumia mwishoni mwa kila hatua, kavu, bila kunyunyiza maji, kwa sababu karatasi ikilowa inajikunja na vipimo vinaondoka. Wa pasi ya mkaa, futa uso wake kwanza. Jivu moja tu na samaki ana jicho asiloliomba.

Mwili, namba 3, unakwenda vivyo hivyo upande wa pili wa shavu. Kisha pembe za maji: laza ubavu mrefu wa mstatili sambamba na mstari wa mshazari, mwili wa mstatili ukilalia samaki, ukingo ukivuka kwa milimita 6. Katikati ya ubavu ukae katikati ya mstari. Jaribu kwenye mwanga, shona, punguza, fungua. Baada ya samaki watatu mkono utakuwa umeelewa, na hutahitaji tena kunisoma.

Mkia una mishono miwili tu. Kwa hiyo samaki mzima ana mishono minane, na 40 wana 320. Usishone samaki mmoja mmoja hadi mwisho. Mshone wa kwanza peke yake kama jaribio, halafu waliobaki wapeleke kwa mkupuo: vichwa vyote, miili yote, pembe ya nne zote. Ukishonea kibarazani fanya asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia mistatili 240 itaenda kwa majirani. Usiku chini ya taa pana shida nyingine: wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi. Ukiwaponda juu ya kitambaa cheupe wanaacha doa la kijani. Niliwahi kuharibu samaki wanne kwa jioni moja.

Kuunga

Sehemu ikikamilika, igeuze mchoro juu na ukate kwenye mstari wa nukta, karatasi na vitambaa pamoja. Usibandue karatasi bado. Kingo za nje sasa zimekatwa mshazari wa nyuzi, zinavutika kama ulimbo, na karatasi ndiyo inayozishika.

Weka mwili na mkia uso kwa uso. Pitisha pini wima kwenye ncha ya almasi mpaka itokee kwenye ncha ya pembetatu ya mkia, matundu kwa matundu. Ikisimama wima, ncha zimekutana. Bana pembeni yake, itoe ile ya wima, shona.

Unga samaki watano kwa mstari. Kati ya mistari, na juu na chini kabisa, tia zile tepe tisa za maji. Tepe hazina karatasi, kwa hiyo zikae chini upande wa meno ya mashine, na samaki wenye karatasi juu. Hapo mstari utauona.

Ndipo sasa ubandue. Bana mshono kwa kidole gumba, vuta karatasi kwa mkono wa pili kama unavyochana tiketi ya daladala. Vipande vilivyong'ang'ania pembeni vilowanishe kidogo kwa sponji, vitoke kwa kibanio. Ni kazi ya jioni nzima. Wape watoto, wanaipenda kuliko wewe.

Matabaka na kingo

Tandaza kanga sakafuni, uso chini, uivute inyooke. Juu yake shuka kuukuu, juu yake samaki wakitazama dari. Piga bandi ndefu, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza, kila sentimita 10, kuanzia katikati kwenda nje. Rudisha urefu wa mshono kuwa milimita 3 kabla ya kugusa mashine. Nimesahau hili mara mbili, na kufumua mishono ya milimita 1.5 kwenye matabaka matatu ni adhabu. Shona mstari mmoja katikati ya kila utepe wa maji, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye subira apige bandi ya mkono yenye mawimbi badala ya mstari. Mimi nimefanya hivyo kwenye tepe za juu na za chini tu. Kisha shona kwenye mshono wa mkia wa kila samaki, ili matabaka yasitembee.

Punguza kingo. Tepe tano za sentimita 6 unganisha kwa mshazari, zikunje nusu kwa nusu kwa urefu, zishonee kwa uso, zipindue nyuma na uzifunge kwa mkono.

Ufuaji wa kwanza uwe wa mkono, maji baridi, na mfarishi uanikwe ukiwa umegeuzwa ili jua lifubaze kanga badala ya samaki. Usishtuke ukiona vipande vyeupe vinaelea kwenye beseni. Ni karatasi ya mkia uliyoisahau.